Jannat na Vikombe Vilivyotiwa Vishikio

Jannat Ngwali aliuacha ukucha wa kidole chake cha shahada urefuke kidogo kuliko wenzake, na ukucha huo ndio uliomlisha kwa miaka kumi na mitatu. Kazi yake ilikuwa kukagua vikombe. Alifungua makasha yaliyotoka China, akatoa kikombe kimoja kimoja kwenye karatasi zake, akakiweka juu ya kiganja cha kushoto na kukigonga mdomoni kwa ukucha huo. Kikombe kizima kililia ngiii, sauti ikachelewa kufa. Chenye ufa, hata kama ufa wenyewe haujaonekana kwa macho, kilijibu du, kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani kwake siku mbaya.

Alizaliwa Wete, Pemba, na alifika Houston mwaka 1992 pamoja na mumewe Abdulhafidh na mtoto wao wa kwanza, Zaid. Abdulhafidh alipata teksi ya kuendesha. Jannat aliosha sahani katika jiko la hospitali kwa miaka miwili, hadi mikono ikamchubuka. Ndipo akasikia kwamba yuko Mchina muuza vyombo anayetafuta mtu wa kazi, akaenda.

Mchina huyo aliitwa Bwana Tsai. Alikuwa mtu mwembamba wa Taiwan, mwenye sweta la kijivu ambalo hakulivua hata mwezi wa Agosti. Hakumuuliza Jannat amesoma wapi. Alimwekea vikombe viwili mezani.

"Kipi kibovu?"

Vilifanana kama pacha. Jannat hakuvitazama sana. Alikigonga cha kwanza, akakigonga cha pili, akakisogeza cha pili kando.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Kwetu ukienda kununua vyombo, usipogonga utauziwa ufa."

Akaanza kazi kesho yake. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kujifunza ukubwani, polepole na bila mapambo, kwa hiyo walielewana vizuri. Mwaka 1996 Bwana Tsai alihamishia ghala Carrollton, kaskazini ya Dallas, na Jannat akamfuata na familia yake. Walipanga Richardson, karibu na msikiti na shule. Wakati huo alikuwa ameshazaliwa binti yao Hadiya, ambaye baadaye alikuwa akiulizwa kwa Kiswahili akijibu kwa Kiingereza.

Ghala lilikuwa na pande mbili. Kushoto viliwekwa vikombe vya wateja wa Kichina, wenye mikahawa na maduka ya Richardson na Houston: vidogo, vyepesi, mdomo umebenuka nje, kitako kimeinuliwa, bila kishikio. Kulia viliwekwa vya Wamarekani: vinene, virefu, vyenye kishikio cha kuingia vidole vitatu, na vingine vilikuwa na visahani vyake. Jannat hakuona ajabu. Nyumbani kwao kahawa ilinywewa kwenye finjani isiyo na kishikio, ikashikwa mdomoni kwa vidole viwili. Chai ya maziwa ilinywewa kwenye kikombe chenye kishikio, na babu yake aliimimina kwenye kisahani, akaipuliza, kisha akaivuta kwa kelele. Nyumba ilikuwa moja na mikono ilikuwa ile ile, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Aliyemweleza kwa nini ni Bwana Tsai, mchana mmoja wakati wa chakula. Alimwambia kuwa Mchina hupika chai kwenye buli dogo na kumimina mara nyingi, kidogo kidogo, ndiyo maana kikombe chake ni kidogo. Hatii maziwa wala sukari, kwa hiyo hahitaji upana wa kukorogea kijiko. Mdomo umebenuka ili vidole vipate pa kushika pasipo na moto mwingi, na kile kitako ni cha kidole cha chini.

"Mmarekani hujaza mara moja, akaenda zake," alisema. "Kikombe chake lazima kibebe moto saa nzima. Kikombe cha Mchina hukaa mezani na wenzake. Cha Mmarekani hutembea peke yake."

Septemba ya mwaka 1998 ikaja oda kubwa. Hoteli moja mpya ya Dallas ilikuwa inajiandaa kufungua mgahawa wenye mtindo wa Kichina, nayo ilitaka vikombe elfu mbili. Mchoraji wao alikuwa amechagua kwenye picha kikombe cheupe chembamba chenye mstari mmoja wa buluu. Jannat alivikagua vyote kwa siku nne. Elkana, dereva wa lori la ghala, Mkenya wa Nyamira, akavipeleka. Siku ya tatu alivirudisha vyote na fomu ya hoteli mkononi. Pale penye sababu ya kurudisha mpokea mizigo alikuwa ameandika: vishikio vyote vimevunjika.

Bwana Tsai aliisoma fomu mara mbili, akacheka. Jannat alikuwa hajawahi kumsikia akicheka. Kisha akachukua kikombe kimoja na buli, akamwambia Jannat wafuatane hotelini.

Meneja wa mgahawa aliwapokea jikoni, katikati ya mafundi waliokuwa wakifunga majiko. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka. Bwana Tsai alipika chai, akamkabidhi amimine mwenyewe. Meneja alijaza kikombe hadi pomoni, kama ajazavyo kahawa yake kila asubuhi, akakikumbatia katikati kwa vidole vyote na kukiachia papo hapo. Chai ikamwagika mezani.

"Wageni wangu wataungua," alisema, akivipuliza vidole.

Jannat alimwaga nusu ya ile iliyobaki. Akakishika kikombe, kidole gumba na cha shahada mdomoni, cha kati chini ya kitako, akakiinua bila taabu. "Usijaze," alisema. "Acha nafasi ya vidole."

"Na kama bado ni cha moto?"

"Basi subiri," alisema Bwana Tsai. "Kikombe kinakuambia. Ikiwa vidole haviwezi kushika, ulimi una haraka ya nini?"

Meneja aliwatazama kwa zamu. "Bwana Tsai, huku mtu haji mgahawani kuambiwa asubiri. Napenda umbo lake. Nitilie kishikio."

Bwana Tsai alisema inawezekana. Jannat alimwona akisema hivyo huku akikitazama kikombe, si mtu.

Kiwanda cha China kilivitengeneza upya na vikafika ghalani Jumatatu ya wiki ya pili ya Januari. Hoteli ilikuwa inafungua mgahawa Ijumaa. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, na Jannat alikuwa akifanya kazi tangu alfajiri, midomo mikavu, miguu mizito. Alifungua kasha la kwanza akakuta vikombe vizuri kuvitazama. Umbo lilikuwa lile lile, jeupe na jembamba, na ubavuni pameota kishikio kidogo mfano wa sikio la mtoto.

Alipokishika tu akajua kuna jambo. Ukuta wa kikombe ulikuwa mwembamba kama ulivyokuwa, lakini sasa umebebeshwa uzito upande mmoja. Kwenye tanuri kishikio kilikuwa kimeuvuta, na mdomo haukuwa duara tena; ulikuwa na umbo la yai. Akagonga. Sauti ilikuwa nzuri. Akagonga vingine, sauti nzuri. Lakini hakuridhika. Alichagua ishirini, akachemsha maji, akavijaza vyote hadi juu kama wafanyavyo hotelini, akaviinua kimoja kimoja kwa kishikio na kuvitikisa kidogo. Viwili vilipiga ufa pale kishikio kilipoungana na ukuta. Ufa wenyewe ulikuwa unywele tu, ila alipovigonga tena vilijibu du.

Akamwita Bwana Tsai.

"Viwili katika ishirini," alimwambia.

Bwana Tsai aliviangalia muda mrefu. "Na vile kumi na nane?"

"Vizima. Leo."

"Ijumaa wanafungua."

Jannat aliinua macho. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na moja jioni. Alikuwa hajaanza kupika futari, na watoto walikuwa kwa jirani. Kila kasha alilolikagua aliliandika herufi J kwa kalamu ya kijani, na bila herufi hiyo Elkana hakulipakia. Bwana Tsai hakumwamuru. Aliichukua ile kalamu mezani na kumnyooshea, kama mtu anayempa mwenzake chumvi.

Jannat akaipokea. Akaandika J juu ya makasha yote arobaini na mbili, akavaa koti lake, akaenda nyumbani. Siku ile futari ilikuwa tambi na samaki wa kukaanga. Abdulhafidh alimuuliza mbona amenyamaza, akasema kichwa kinamuuma, na kweli kilikuwa kinamuuma.

Idd ilipita. Wiki mbili baadaye Bwana Tsai alimwekea barua mezani. Hoteli ilikuwa imeandika kwamba vishikio vitatu vimeng'oka. Viwili viling'oka kwenye mashine ya kuoshea vyombo, na cha tatu kiling'oka mkononi mwa mhudumu aliyekuwa amebeba chai ya moto. Mhudumu huyo aliitwa Kerubo, na alikuwa ameungua mkono wa kulia. Barua iliongeza kuwa amepewa onyo kwa maandishi, kwa sababu alibeba vikombe kizembe.

Jannat alilisoma lile jina, akatoka nje kwenye lori.

"Elkana, Kerubo ni jina la wapi?"

"La kwetu Kisii. Kwani?" Elkana alichukua barua, akasoma. "Aah! Huyu namjua, tunaabudu pamoja. Anakaa Mansfield kwa dadake. Nilisikia ameungua, sikujua ni vikombe vyetu."

Jumapili alasiri Abdulhafidh alimwendesha mkewe hadi Mansfield, mwendo wa saa nzima, akabaki ndani ya gari na redio. Jannat alibisha hodi akiwa na kopo la visheti. Aliyefungua alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili hivi, mrefu, mkono wa kulia umefungwa bendeji kutoka kiganjani hadi juu ya kifundo.

"Karibu, auntie. Elkana alinipigia akasema unakuja. Dadangu yuko kazini, ameenda shifti."

"Ahsante, mwanangu. Pole. Pole sana."

Kerubo alimkaribisha kochini. Kisha, kwa mkono wa kushoto, akamimina chai ya maziwa kutoka kwenye thamosi, ndani ya kikombe kikubwa cheupe kinachotosha supu, akakijaza mpaka ukingoni. Jannat alitaka kuinuka kumsaidia, akakatazwa kwa kichwa.

"Wacha nizoee tu. Na wewe kwa hiyo kampuni unafanya nini?"

"Mimi ndiye ninayekagua vikombe," alisema Jannat. "Kasha haliondoki mpaka niandike herufi yangu."

"Sawa."

"Vile vikombe nilivijaribu. Ishirini. Viwili vikapasuka hapo hapo, pale penye kishikio. Nikaviandika kuwa ni vizima, vikaja kwenu."

Kerubo alianza kucheka, kicheko kifupi cha mtu anayengoja asikie ni mzaha. Alipoona si mzaha, akakaa.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaandika."

"Nikaandika."

Kwa jirani mashine ya kupulizia majani makavu ilikuwa ikivuma. Kerubo aliuangalia mkono wake.

"Unajua mimi nasoma nursing?" alisema mwishowe. "Muhula huu ndio tulikuwa tunaanza wodi. Sasa siwezi kuvaa glavu, na bila glavu hawakuruhusu umguse mgonjwa. Nilienda kuongea na mwalimu, akaniambia nirudi Septemba. Na hao wa hoteli wakaniandikia warning, ati nilibeba vibaya. Nilikibeba na kishikio, auntie. Kishikio si ndicho cha kubebea?"

"Ndicho."

"Mimi nilidhani ni mimi. Wiki mbili nimekuwa nikijiuliza nilikishika vipi."

Garini Jannat alikuwa ametayarisha maneno. Alikuwa amefikiri habari ya kuungua. Hakuwa amefikiri kwamba binti huyu amekaa wiki mbili akijilaumu.

"Mwanangu, nimekuja kuomba radhi," alisema.

Kerubo alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. "Mimi hata sijui nikuambie nini. Kunywa chai, itapoa."

Jannat akainywa. Ilikuwa tamu kupita kiasi, nyingi, haikuisha. Aliimaliza yote kwa sababu aliona hana haki ya kuibakisha.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa Bwana Tsai kabla ya kuvua koti. Alimwambia anataka kuandikia hoteli kwamba mhudumu yule hakukosea, kwamba kasoro ilijulikana ghalani tangu siku ile, na kwamba aliyeipitisha ni yeye.

"Barua hiyo itatupotezea wateja hawa," alisema Bwana Tsai.

"Labda."

"Na mimi ndiye niliyekupa kalamu."

"Hilo sitaliandika. Mimi ndiye niliyeipokea."

Jannat aliandika barua kwa mkono, mistari saba, kwa kile Kiingereza chake cha polepole, akaiacha mezani ipigwe chapa. Ilikaa pale siku nzima. Siku ya pili aliikuta imepigwa chapa, na chini ya jina lake palikuwa na sahihi nyingine, ya Kichina na ya Kiingereza.

Hoteli ilimfutia Kerubo onyo. Vilevile iliacha kununua chochote kwa Bwana Tsai, ikaenda kuchukua vikombe vinene vya kawaida kwa muuzaji mwingine. Vile vyenye vishikio vilirudishwa, na alasiri moja ya mwezi wa Machi Jannat na Elkana walivivunja vyote ndani ya pipa la taka nyuma ya ghala, kwa nyundo. Walitumia saa tatu. Elkana alidhani itakuwa kazi ya kufurahisha, lakini baada ya kasha la pili wakaacha hata kuongea.

Kwa wiki tatu Bwana Tsai alizungumza na Jannat mambo ya kazi tu. Kisha mchana mmoja alimwita, akammiminia chai, nusu kikombe, na kumwambia habari ambayo alisema aliipata kwa baba yake. Waingereza, alisema, walipoanza kuleta chai kwao walileta na vikombe vya Kichina visivyo na vishikio, wakawa wanaunguza vidole kwa muda mrefu. Wengine wakawa wanaimimina kwenye visahani. Polepole wafinyanzi wao wakafanya ukuta kuwa mnene, kikombe kikubwa, na kishikio kikapata mahali pa kukaa.

"Babu yangu alimimina kwenye kisahani," alisema Jannat.

"Wao iliwachukua vizazi," alisema Bwana Tsai. "Mimi nilitaka miezi minne."

Hiyo ndiyo radhi pekee aliyoitoa, na Jannat aliichukua kama ilivyo. Tangu siku ile hakuna aliyemnyooshea kalamu. Ilikaa mfukoni mwa Jannat mwenyewe.

Vile elfu mbili vya kwanza, visivyo na vishikio, vilikuwa bado vipo. Jannat alibeba dazeni mbili kwa ajili ya khitma, kisomo cha kumwombea marehemu, kwa jirani hapo Richardson, wanawake wakaviona, na kabla ya mwaka kwisha nyumba nyingi za Wazanzibari na Wamombasa, kuanzia Dallas hadi Houston, zilikuwa zinanywea kahawa humo. Walioagiza kwa simu walisema wanataka finjani kama za kwao. Jannat hakuwaambia zilitengenezewa hoteli. Mkewe Elkana alipelekewa seti moja, akaigeuza mikononi, akauliza kama ni ya kumezea dawa. Kwake chai ni kikombe cha kushikwa kwa mkono mzima, na ikiwa haijai si chai.

Kerubo alirudi darasani mwezi wa Septemba. Alimaliza mwaka 2001, akaajiriwa hospitalini Arlington. Mkono ulipona, ukabaki na ngozi ya kung'aa chini ya kiganja. Alipoolewa, mwaka 2003, alimwalika Jannat, naye akaenda kanisani kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakaa safu ya nyuma na Abdulhafidh. Zawadi yao ilikuwa mablanketi mawili.

Bwana Tsai alifunga ghala mwaka 2007, akahamia Houston kwa binti yake. Mwaka uliofuata Jannat na mumewe nao wakarudi Houston, kwa kuwa Zaid alikuwa amepata kazi huko, na Jannat akaanza kuwapikia watu wa harusi. Pilau yake ikapata jina. Alikuwa amenenepa kidogo, na miguu ilimsumbua.

Kerubo alikuwa akimpigia simu kila Idd. Walizungumza juu ya watoto, hali ya hewa, na wagonjwa wa Kerubo, ambao hakuwataja majina. Habari za mkono hawakuzigusa. Mwaka 2008 Kerubo alikosea tarehe, akapiga siku moja kabla, mchana, Jannat akiwa jikoni bado amefunga.

"Idd njema, auntie! Mmekula nini huko?"

"Ahsante, mwanangu," alisema Jannat, akipunguza moto chini ya sufuria. "Tumekula vizuri."